Dawa ya shambani haiishii shambani

Siku za huduma ya mkoba huwa tunapima watoto chini ya mwembe, karibu na mfereji wa kumwagilia mashamba. Siku moja, msimu wa nyanya, mama mmoja mwenye mtoto wa miezi minne alisubiri wenzake wote wamalize ndipo akanisogelea. Siku mbili nyuma watu wa mashamba ya juu walipulizia dawa ya wadudu, na mmoja wao akasuuza bomba lake mferejini. Asubuhi samaki wadogo wakaonekana wakielea. Watoto wa jirani waliwaokota ndoo nzima, wakampelekea bibi yao awakaange. Kwa bahati bibi aliuliza kwanza wametoka wapi. Aliposikia, akawafukia shimoni.

Mama yule hufanya kibarua cha kupalilia kwenye nyanya hizo hizo. Akaniuliza, "Nesi, wifi yangu anasema sumu imeshaingia kwenye maziwa yangu. Nimwachishe mtoto?"

Nilimjibu hapana, aendelee kunyonyesha, na hapa chini nitaeleza kwa nini. Lakini swali lake lilikuwa la maana sana. Alikuwa ameona jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii, kwamba dawa ikishatoka kwenye bomba haibaki kwenye jani. Huingia kwenye udongo, maji, wadudu, samaki na kuku, na njia hizo zote mwisho wake ni sahani ya mtoto.

Chakula huzunguka

Mchicha haujitengenezei virutubisho kutoka hewani tu. Naitrojeni, fosforasi, madini ya chuma na zinki huvutwa na mizizi kutoka kwenye udongo. Mtoto anakula mchicha, kuku anakula mabaki, ng'ombe anakula majani. Kisha samadi, maganda, majani makavu na wanyama waliokufa vinarudi ardhini. Huko vinaozeshwa na virutubisho vinapatikana tena kwa mmea mwingine. Huu ndio mzunguko wa virutubisho.

Kazi ya kuozesha inafanywa na viumbe hai. Nyungunyungu humeza udongo na majani makavu na kuacha kinyesi chenye rutuba, na matundu yao hupitisha maji na hewa. Mchwa na mende wanaoviringisha kinyesi cha ng'ombe huishusha mbolea chini. Vijidudu na kuvu tusivyoviona kwa macho humalizia kazi. Kwenye mizizi ya maharage, kunde na karanga kuna vinundu vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuilisha mmea.

Ukitaka kuona kazi hiyo, ng'oa mche wa kunde unaokaribia kutoa maua, pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au kijivu, kuna tatizo.

Udongo unapopoteza wafanyakazi wake

Dawa za wadudu, za ukungu na za magugu zimetengenezwa ili ziue au zizuie kiumbe fulani. Nyingi haziwezi kutofautisha kati ya adui na rafiki. Dawa inayoanguka chini au kuoshwa na mvua huwakuta nyungunyungu na vijidudu. Baadhi ya dawa za ukungu zinazopakwa kwenye mbegu hupunguza vinundu kwenye mizizi ya jamii ya kunde.

Mfano ambao wazee wa Kilimanjaro wanaujua vizuri ni mrututu, ile dawa ya bluu yenye madini ya shaba. Kwa miongo mingi mibuni ilipuliziwa dawa za shaba ili kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Zilisaidia kuokoa kahawa. Lakini shaba ni madini, haiozi wala haipotei. Kila msimu inaongezeka juu ya ile ya msimu uliopita, na nyungunyungu ni kati ya viumbe wanaodhurika mapema inapozidi kwenye udongo. Katika shamba la mseto, mgomba, magimbi na mboga za nyumbani vinakunywa kutoka udongo huo huo.

Udongo ukikosa viumbe hawa, majani makavu hukaa bila kuoza vizuri, ardhi hushikamana na maji hutiririka juu yake. Mkulima analazimika kununua mbolea zaidi kupata mavuno yale yale. Kwa mama mwenye kipato kidogo, fedha hiyo ni ile iliyokuwa inunue mayai au dagaa.

Wadudu wanaotulisha na wanaotulinda

Boga lina maua dume na maua jike mbalimbali. Lazima nyuki au mdudu mwingine abebe chavua kutoka ua moja hadi jingine, la sivyo kiboga kichanga hunyauka na kuanguka. Tikiti na tango ni hivyo hivyo. Boga la rangi ya njano ni chanzo kizuri cha vitamini A kwa mtoto anayeanza kula, na ni la bei nafuu. Mtu akipulizia asubuhi maua yakiwa wazi, anaua wale wanaomzalishia boga.

Wapo pia wadudu walinzi: buibui, nyigu, siafu, na wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari. Dawa inapopigwa, wadudu waharibifu na walinzi hufa pamoja. Lakini waharibifu huzaliana haraka, na wachache waliosalia huwa ndio sugu zaidi. Wanarudi shambani na hakuna wa kuwala. Mkulima anaona wamezidi, anaongeza dozi au kuchanganya dawa mbili, tatu kwenye bomba moja. Wakulima wa nyanya waliopambana na kantangaze wanaijua safari hiyo. Kila mzunguko unaacha sumu nyingi zaidi kwenye nyanya ile ile inayopelekwa sokoni.

Majini, kiasi kidogo kinatosha

Kuna kundi la dawa linaloitwa pairethroidi, ambalo hutumika sana kwenye mboga na pia kwenye vyandarua vya mbu. Kwa binadamu, zikitumiwa inavyotakiwa, madhara yake si makubwa kama ya dawa nyingine nyingi. Kwa samaki ni sumu kali hata zikiwa kidogo sana. Kwa hiyo muuzaji anaweza kukuambia kwa ukweli kwamba dawa hii si kali kwa mtu, na bado ikamaliza perege wa bwawa lako.

Hata pale samaki wasipokufa, wanaweza kukosa chakula. Samaki wachanga hula viluwiluwi vya wadudu na viumbe vidogo vya majini, na hao ndio wa kwanza kufa. Ndege wanaokula samaki nao wanahama. Hivi ndivyo mnyororo wa chakula unavyokatika, na nyumbani tunaona tu kwamba samaki wamekuwa adimu na ghali.

Sumu inayopanda ngazi

Dawa nyingi za siku hizi huvunjika ndani ya siku au wiki. Lakini kuna kundi la zamani, DDT na ndugu zake, ambalo halivunjiki kirahisi. Hukaa kwenye udongo miaka mingi na huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Mnyama akila chakula chenye sumu hiyo, mkojo hauwezi kuitoa vizuri, basi inabaki kwenye mafuta ya mwili wake. Anayemla mnyama huyo anachukua akiba yote.

Mfano uliopimwa na kuandikwa mapema ni wa Clear Lake, ziwa lililoko California, Marekani. Watu walikerwa na vijidudu wanaofanana na mbu, ambao hata hawakuwa wakiuma. Mwaka 1949, kisha 1954 na 1957, ziwa liliwekwa dawa iitwayo DDD, ndugu wa karibu wa DDT. Ilichanganywa kwa uangalifu, kidogo sana, kiasi kisichozidi sehemu 1 ya dawa kwa sehemu milioni 50 za maji. Wataalamu waliona ni salama.

Baadaye ndege wa majini wa jamii ya kibisi, ambao hula samaki, wakaanza kufa. Vipimo vikaonyesha ngazi yote. Viumbe vidogo vinavyoelea majini vilikuwa na sumu sehemu 5 kwa milioni. Samaki wanaokula viumbe hivyo walikuwa na zaidi, na samaki wanaokula samaki wenzao zaidi tena. Mafuta ya ndege wale yalikuwa na sehemu 1,600 kwa milioni, yaani mara 80,000 ya kiasi kilichowekwa kwenye maji. Zamani jozi zaidi ya 1,000 za ndege hao zilitaga ziwani hapo. Zikabaki kama 30.

Kwa sababu ya mambo kama haya nchi nyingi zilikubaliana mwaka 2001, katika Mkataba wa Stockholm, kuziondoa sumu za aina hii. DDT iliachwa itumike kwa kudhibiti wadudu wanaoeneza magonjwa tu, kama mbu wa malaria, si mashambani. Kwa hiyo ukiona mtu anauza unga usio na lebo sokoni na kusema ni DDT ya kuhifadhia maharage, usinunue.

Binadamu yuko juu ya ngazi hiyo. Na juu yetu kidogo yuko mtoto anayenyonya.

Je, maziwa yangu ni salama?

Hapa ndipo pa kumjibu yule mama kikamilifu. Ni kweli kwamba sumu za aina ya DDT zimekutwa kwenye maziwa ya akina mama duniani kote, kwa kuwa maziwa yana mafuta. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linaendelea kushauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Maziwa ya mama humkinga mtoto na kuhara, nimonia na utapiamlo, magonjwa yanayoua watoto wetu. Ukimwachisha ukampa maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji ya mfereji ule ule, umemwondoa kwenye hatari ndogo ukamweka kwenye kubwa.

Linalotakiwa kuachwa ni kugusana na dawa. Mjamzito na anayenyonyesha asichanganye wala kupulizia, na asiingie kupalilia kwenye shamba lililopuliziwa hadi muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Ukitoka shambani, nawa mikono na kifua kwa sabuni na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Mtoto anahitaji ulinzi zaidi kwa sababu, kwa kila kilo ya mwili wake, anakula na kunywa zaidi yetu. Anatambaa chini, anatia kila kitu mdomoni, na ubongo wake bado unajengeka.

Samaki wanaoelea na ndege walioanguka

Nyama ya bure ni kishawishi kikubwa nyumba ikiwa na njaa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kwa muda ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria, baada ya kubainika kwamba baadhi ya wavuvi walivua kwa kumwaga sumu za shambani majini. Wenye viwanda walipata hasara, lakini familia za mwambao zilikuwa zikila samaki hao kabla ya Ulaya kustuka.

Kwelea kwelea nao wanapovamia mtama, mpunga na uwele, hupuliziwa kwa ndege dawa iitwayo fenthioni. Kwelea ni kitoweo kizuri kwa watu wengi, hasa mikoa ya kati. Ila aliyeanguka kwa dawa si kitoweo. Bundi, mwewe na mbwa wanaomla hudhurika, na mtoto anaweza kudhurika pia.

Kanuni ni moja: samaki, ndege, kumbikumbi au kuku aliyekutwa amekufa bila sababu inayojulikana haliwi. Kumpika au kumkausha hakuondoi sumu. Mfukie mbali na maji, watoto na mbwa.

Yaliyo ndani ya uwezo wako

*Nyumbani na sokoni*

- Osha mboga na matunda kwa maji safi yanayotiririka, ukisugua kwa mkono. Nyanya zenye ungaunga mweupe au wa kibuluu zisuguliwe hadi ute na unga vitoke. Kuosha hupunguza dawa iliyo juu ya ganda, hakuondoi iliyokwisha kunyonywa na mmea. Kwa hiyo mkulima bado anapaswa kusubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna.
- Usitumie chupa au dumu la dawa kwa maji, maziwa, mafuta wala uji, hata likioshwa mara kumi.
- Usiweke dawa kwenye chupa ya soda. Watoto wengi hunywa sumu kwa sababu ya chupa wanayoifahamu. Ifungie juu, mahali penye kufuli.
- Chandarua endelea kukitumia kila usiku. Kifue kwenye beseni kwa sabuni ya kawaida, maji yake uyamwage chooni au kwenye shimo mbali na kisima. Usikifue mtoni wala ziwani.

*Shambani*

- Kabla ya kupulizia, kagua. Mara nyingi kuokota viwavi kwa mkono na kung'oa mimea iliyoshambuliwa kunatosha kwenye bustani ya nyumbani.
- Angalia rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, bluu na kijani. Tafuta pia mchoro wa samaki. Ukiuona, dawa hiyo ni hatari kwenye maji.
- Anayepulizia afanye hivyo jioni, nyuki wakiwa wamerudi na upepo umetulia, asielekee kwenye nyumba wala mfereji.
- Bomba lisuuzwe shambani na maji yake yapuliziwe kwenye mazao yale yale, kamwe si mferejini.
- Rudisha samadi, mboji na majani ardhini. Badilisha mazao, panda kunde au maharage katikati. Kwa mahindi, muulize afisa ugani kuhusu kilimo cha sukuma-vuta kilichoanzia Kenya: desmodiamu iliyopandwa katikati hufukuza viwavi wa mabua na kuongeza naitrojeni, na majani ya tembo pembeni huwavuta nje. Mifugo nayo inapata malisho.
- Maji ya mwarobaini husaidia kwa baadhi ya wadudu. Ila usidhani kila cha asili ni salama. Maji ya tumbaku ni sumu kali kwa mtu.

Dalili za sumu na hatua za haraka

Mpeleke mtu kituo cha afya mara moja ukiona, baada ya kugusa, kuvuta au kumeza dawa: mate na jasho jingi, machozi, kutapika, kuhara, kichwa kuuma, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya pini, misuli kutetemeka, kupumua kwa shida, degedege au kupoteza fahamu.

Ukiwa njiani kutafuta msaada:

1. Mwondoe penye dawa, nawe ujikinge mikono usiguse sumu.
2. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Macho yaoshwe kwa maji safi kwa dakika 15 au zaidi.
3. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala mkaa.
4. Akiwa hana fahamu au anatapika, mlaze ubavu.
5. Chukua kopo au lebo ya dawa uende nayo. Inatusaidia kujua tiba ipi ianze.

Yule mama aliendelea kunyonyesha. Mwezi uliofuata mtoto alikuwa ameongezeka gramu 600, nikaziandika kwenye kadi yake. Jambo jingine alilolifanya si la kliniki. Aliwaita wanawake wenzake wanaochota maji mferejini, wakaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na sasa pana sehemu iliyotengwa ya kuchanganyia dawa na kusuuzia mabomba, mbali na maji. Hawakuhitaji fedha ya mfadhili. Kama kijijini kwako bado mabomba yanasuuzwa mferejini, unaweza kuanzia hapo. Ukiwa na shaka kuhusu mtoto, njoo kliniki uulize. Hakuna swali la kijinga kwa mama anayetaka kujua mwanawe anakula nini.